Kusomesha kwa intaneti: ujira wake, amana yake na saa zake

 

Ndugu wasomaji, liko swali ambalo wazazi wamekuwa wakiliuliza mara kwa mara, misikitini na kwa simu. Kijana amemaliza chuo kikuu, au amehitimu madrasa na kuhifadhi Qur'ani, na ajira haionekani. Sasa anataka kusomesha kwa njia ya intaneti: Qur'ani kwa watoto wa jamaa zetu walioko Uingereza, Kanada au Oman, au Kiswahili kwa wageni wanaotaka kujifunza lugha yetu. Baba anasema hiyo si kazi, ni kujifungia chumbani na kuzungumza na kompyuta. Mama anauliza kama fedha hizo ni halali. Na mwombaji akiwa ni binti, huongezeka swali la tatu: huyo anayezungumza naye usiku ni nani?

Maswali haya yana haki ya kujibiwa, wala kijana asiyaone kuwa ni ukale wa wazee. Tuanze na la ujira.

Kwa anayesomesha Kiswahili au hesabu, jambo ni jepesi: ni kazi ya mikono na akili kama kazi nyingine. Imepokewa na Imamu Ahmad kutoka kwa Ibn Abbas (R.A) kwamba baadhi ya mateka wa Badri waliokosa mali ya kujikomboa waliwekewa fidia ya kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Ikiwa kufundisha herufi kulithaminiwa kiasi cha kumwacha huru mateka wa vita, basi anayesema kufundisha si kazi aitazame tena hoja yake.

Kwa Qur'ani, wanazuoni walihitilafiana. Imamu Abu Hanifa hakuruhusu kuchukua ujira kwa kuisomesha, na miongoni mwa hoja za upande huo ni hadithi ya Ubada bin Samit (R.A), aliyepewa upinde na mtu aliyemfundisha, na Mtume (S.A.W) akamtahadharisha vikali asiupokee. Imamu Malik na Imamu Shafii waliruhusu. Hoja zao ni hadithi ya Masahaba waliomsomea Alhamdu mtu aliyeumwa na mdudu wa sumu wakapewa kondoo, na Mtume akalikubali jambo hilo, na hadithi ya mtu aliyeozwa kwa mahari ya kumfundisha mkewe sura alizozihifadhi. Baadaye wanazuoni wa Kihanafi wenyewe wakaruhusu, kwa kuwa misaada ya Baitulmali waliyokuwa wakiipata walimu ilikatika, na wakachelea Qur'ani isije ikakosa wa kuisomesha. Imepokewa pia kwamba Sayyidna Umar (R.A) aliwalipa walimu watatu wa watoto wa Madina, kila mmoja 15 kwa mwezi. Basi sisi wa mwambao huu, ambao wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, hatuna sababu ya kumtilia shaka kijana wetu katika hilo. Nia yake ni baina yake na Mola wake.

Lakini ujira kuwa halali hakuondoi sharti la mapatano kuwa wazi. Kusomesha kwa malipo ni ijara, na ijara inataka kazi ijulikane, muda ujulikane na ujira ujulikane. Maalimu wengi wachanga huharibu hapa. Anaambiwa na mjomba wa Leicester, "Wewe anza tu, tutakuona," naye anaanza kwa haya. Baada ya miezi mitatu mjomba ametuma kidogo, mwalimu amenuna, na udugu umeingia ufa. Kisha kuna anayeahidi kwamba mtoto atahifadhi juzuu nzima kwa miezi miwili. Kuhifadhi kuko kwa mtoto na kwa Mwenyezi Mungu, haliko mkononi mwa mwalimu. Anachoweza kukiuza ni wakati wake na juhudi yake: vipindi vitatu kwa wiki, nusu saa kila kimoja, kwa kiasi fulani kwa mwezi. Hayo yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu, na wazazi wajibu kwamba wamekubali.

Yaandikwe pia yatakayofanyika kipindi kinapoanguka. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, zikabaki na intaneti dhaifu kwa siku kadhaa. Umeme nao haututumii barua kabla ya kuondoka. Kwa maoni yangu, hitilafu ikiwa upande wa mwalimu, kipindi kinalipwa kwa siku nyingine au kinaondolewa katika hesabu. Lakini mwalimu akiwa amekaa tayari kwa saa iliyokubaliwa, na mtoto amepelekwa kwenye sherehe bila taarifa, ujira wake umethibiti, kwa sababu amejitoa kwa kazi na aliyezuia ni mwenye kuajiri.

Na bando, hedifoni na kompyuta ni juu ya nani? Suala hili ni la zamani kuliko tunavyodhani. Ibn Sahnun, mwanachuoni wa Kairouan aliyefariki mwaka 256 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya adabu za walimu wa watoto, na humo akaeleza kwamba kodi ya chumba cha kusomeshea iko juu ya mwalimu, si juu ya wanafunzi. Chumba cha leo ni bando. Kijana aiweke gharama hiyo ndani ya bei yake tangu mwanzo, asije katikati ya mwezi akaomba vocha.

Wako wasio na jamaa ng'ambo, nao huanzia kwenye masoko ya walimu, kama italki iliyoanza mwaka 2007, na Preply iliyoanza mwaka 2012. Humo Kiswahili kinatafutwa, na tangu UNESCO ilipoitangaza, mwaka 2021, Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, lugha yetu imezidi kujulikana. italki huwapokea hata wasio na cheti cha ualimu, chini ya daraja la walimu wa kijamii. Ila masharti yasomwe mpaka mwisho. Kwa utaratibu wa Preply, malipo ya kipindi cha kwanza cha majaribio na kila mwanafunzi huchukuliwa yote na kampuni, kisha hukatwa asilimia 33 kwa mwalimu mpya, na makato hushuka hadi 18 kadiri saa za kusomesha zinavyoongezeka. Anayeweka dola 6 kwa saa, mwanzoni hubakiwa na dola 4 hivi. Hakuna dhulma ikiwa amejua na kuridhia, kwani dalali ana haki yake. Tatizo ni kwa aliyeingia bila kusoma, akafanya vipindi kumi vya majaribio na kushangaa mfuko mtupu. Na wapo wanaoshusha bei mpaka haifidii hata umeme ili wawapiku wenzao. Hao wanajiumiza, na wanaliumiza soko lote la ndugu zao.

Sasa amana. Mwenye juzuu amma na sauti nzuri amekuwa akijitangaza kuwa ni Sheikh Fulani, na mtoto wa Toronto anapokea kwake kosa atakaloliswalia miaka arobaini. Qur'ani imetufikia kwa mdomo na sikio, mwalimu kwa mwalimu. Anayetaka kuisomesha kwa malipo, kwanza akae mbele ya mwalimu wake, asome yote kwa tajwidi, aombe ijaza, au angalau idhini ya kuwasomesha wanaoanza. Kisha ajue udhaifu wa chombo. Programu za mawasiliano huchuja sauti ili kuondoa kelele, na katika kuchuja huko sini na swadi zinaweza kukaribiana, na pumzi ya ha ikamezwa. Zoom ina mpangilio wa kuacha sauti ya asili ipite bila kuchujwa, na mwalimu wa Qur'ani auwashe, naye na mwanafunzi wakiwa na hedifoni. Kamera ishushwe usawa wa mdomo, mtoto auone ulimi unapotoka kwenye dhali. Toleo la bure la Zoom hukata baada ya dakika 40, nazo kwa mtoto wa miaka saba ni nyingi mno.

Kuhusu watoto nina msimamo, na sitaulegeza. Mtoto asisomeshwe na mwalimu yeyote, hata awe na sifa gani, mlango umefungwa na masikio yamezibwa. Asomee sebuleni, mzazi akiwa karibu. Mwalimu mwaminifu ndiye wa kwanza kulidai hilo, kwa kuwa linamlinda yeye pia. Mawasiliano yote yapite simu ya mzazi. Kurekodi darasa bila idhini ya wazazi hakufai, na kuirusha sura ya mtoto mitandaoni ili kutafuta wateja ni kuivunja amana. Nchini Tanzania iko pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo mwalimu anapaswa kuijua.

Ama binti, asizuiwe. Karima wa Marw, aliyefariki Makka mwaka 463 Hijria, alisomesha Sahihi Bukhari, na wanazuoni wakubwa wakapokea kutoka kwake. Ustadha wetu asomeshe wanawake na watoto, nao wanaomtafuta ni wengi, maana akina mama walioko ng'ambo hawapati kwa wepesi mwanamke wa kuwasahihishia kisomo. Nyumbani apewe heshima ya mfanyakazi. Saa ya darasa asitumwe dukani wala asiitwe kupokea wageni, kwani saa ile imeshauzwa.

La mwisho ni saa zenyewe. Uingereza husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Marekani na sehemu kubwa ya Kanada, Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Sisi hatusogezi. Mtoto wa London anayeanza saa kumi jioni, katika baridi kwetu ni saa moja usiku, baina ya Magharibi na Isha. Katika kiangazi chao ni saa kumi na mbili jioni, na Magharibi ya Dar es Salaam itaingia darasa halijaisha. Wazazi waelezwe mapema, kipindi kisogezwe nusu saa mbele. Muscat hakuna shida, wametutangulia kwa saa moja tu, na mapumziko yao ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Toronto ndiyo nzito: saa kumi na moja jioni kwao, katika baridi, ni saa saba usiku kwetu. Nimewaona vijana wakisomesha hadi saa tisa usiku kisha Alfajiri ikawapita. Wanafunzi wa huko wawekwe Jumamosi na Jumapili, saa tatu asubuhi yao, ambayo kwetu ni saa kumi na moja jioni wakati wa baridi na saa kumi wakati wa kiangazi. Na ratiba ya Ramadhani iandikwe Shaaban, kwa sababu futari ya Dar es Salaam na futari ya London hazikutani.

Wallahu aalam.