Tunguu Lililolala Si Tunguu Lililokufa

Wageni wanaoingia katika chumba chetu cha Biolojia hupenda kusimama mbele ya tangi la kioo lililo karibu na dirisha, wakitazama samaki wadogo wanavyopita kati ya majani. Wengi huuliza majina ya samaki. Ni wachache wanaouliza habari za mimea. Nami, kwa kuwa nimelitunza tangi hilo tangu nilipokuwa Kidato cha Pili, nataka kuwaeleza wasomaji habari za mimea hiyo, hasa ile inayoota kutokana na tunguu. Nilifanya makosa katika kazi hii, na sipendi yarudiwe na mwingine.

Kwanza, tunguu ni nini? Tunguu ni ghala ya chakula ya mmea. Majani yapatapo nuru ya kutosha hutengeneza chakula, na kile kinachozidi huwekwa akiba katika sehemu iliyonenepa chini. Kitunguu cha jikoni ni mfano mzuri, maana zile tabaka zake ni majani yaliyonenepa kwa akiba. Katika matangi ya samaki, mmea uitwao krinamu una tunguu la tabaka kama hilo. Yungiyungi na aponogetoni hazina tabaka. Ukizikata utaona ndani pamejaa kama kiazi. Walakini wauzaji huviita vyote matunguu, nami nitafuata desturi yao, kwa kuwa kazi yake ni moja.

Yungiyungi twalijua sote, maana maua yake huonekana katika mabwawa mengi ya Afrika Mashariki. Aponogetoni ni mimea ya majini ya Afrika, Asia na Australia, na aina nyingi hutoka Madagaska. Yetu ni ya huko.

Faida ya mimea tangini ilionyeshwa zamani. Mwaka 1850 mwanakemia mmoja wa London, Robert Warington, alitoa maelezo ya jaribio lake. Aliweka samaki wa dhahabu na mmea wa majini pamoja katika chombo kimoja. Wakati wa mchana mmea ulitoa oksijeni, nao samaki wakaishi. Lakini majani yake makuukuu yalipooza, maji yalichafuka, mpaka alipotia konokono wa majini wakayala. Basi mmea ulio hai hulisaidia tangi, na mmea unaooza huliharibu. Jambo hilo nililijua kwa kitabu kabla sijalijua kwa pua.

Mwalimu wetu alituletea matunguu manne ya aponogetoni, kila moja kubwa kama ncha ya kidole gumba. Mimi nikayafukia yote ndani kabisa ya changarawe, kama mtu apandaye mahindi. Haikupita muda maji yakawa na ukungu, samaki wakapanda juu wakitweta, na asubuhi moja tukakuta wawili wamekufa. Tulipofukua, matunguu mawili yalikuwa yamelainika na kunuka vibaya.

Kwa hiyo anayetaka kupanda na afuate njia hii. Changarawe ioshwe mpaka maji yatoke safi, kisha itandazwe kina cha sentimita 5 au zaidi kidogo. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaachwe katika ndoo iliyo wazi siku moja au mbili. Joto la maji liwe kati ya digrii 22 na 28 za Selsiasi. Tunguu libonyezwe kwa vidole kabla ya kupandwa: lililo zima ni gumu, na lililooza hubonyea. Lizikwe nusu tu, upande wa kuchipua ukiwa juu. Usipoutambua upande huo, lilaze juu ya changarawe ungoje chipukizi. Mizizi itashuka yenyewe. Nuru ya saa 8 hadi 10 kwa siku yatosha. Ikizidi sana, kioo hufunikwa na mwani. Ukipanda yungiyungi, kata mapema majani yanayopanda juu, la sivyo yatafunika uso wa maji na kuitia mimea mingine giza.

Matunguu mawili yaliyobaki niliyapanda hivyo, yakastawi, na majani yake yakafika karibu na uso wa maji. Lakini baada ya miezi kadhaa majani yakaanza kugeuka manjano na kudondoka moja moja, hata pasibaki kitu. Wenzangu wakasema yamekufa, nami nikakubali. Nikang'oa moja, na ili kuhakikisha nikalikata kwa wembe. Ndani lilikuwa jeupe na gumu. Mwalimu alidondosha ayodini juu ya kipande, nacho kikageuka buluu iliyokaribia weusi, dalili ya kwamba mna wanga. Ghala ilikuwa imejaa. Nilikuwa nimeua mmea mzima uliokuwa umelala tu.

Mwalimu hakunigombeza, bali alitueleza sababu. Mingi ya mimea hii hutoka katika maji yenye majira. Yajapo majira mabaya, mmea huangusha majani, na tunguu hungoja topeni likiwa na akiba yake. Wenzetu wa kandokando ya ziwa wanamjua kamongo, samaki awezaye kujizika katika tope maji yanapokauka, akangoja mvua. Tunguu nalo lina subira ya namna hiyo.

Tunguu la nne tulilitoa, tukaliweka katika kopo lenye mchanga wenye unyevu kidogo, ndani ya kabati lisilo na joto. Baada ya miezi miwili tulilirudisha tangini. Siku chache baadaye likatoa chipukizi dogo, kisha majani mengi kuliko ya kwanza. Hayo ndiyo majani wageni wetu waliyokuwa wakiyatazama muhula uliopita.

Sasa limelala tena. Limo katika kopo, rafu ya chini ya kabati la chumba cha Biolojia, na juu yake nimeandika tarehe ya kulitoa. Tarehe hiyo itafika baada ya mtihani wetu wa mwezi wa Novemba, nasi wa Kidato cha Nne tutakuwa tumekwisha kwenda makwetu. Nawaomba ndugu zangu wa vidato vya chini mchanga ule usiachwe ukauke wala usiloweshwe, na atakayefagia kabati asilitupe kopo akidhani ni takataka. Atakayelirudisha tangini na aniandikie barua, anieleze limechipua siku gani.