Kabla ya kusema mtoto ana pepo, tufungue kaye

Katika makanisa yetu ya Butembo na Beni tumezoea kuletewa watoto kwa maombi. Mmoja anauma wenzake darasani. Mwingine anatupa kaye na biki chini, anatoka mbio mpaka barabarani, na pikipiki zinamkosa kidogo tu. Mwalimu amechoka, mkubwa wa shule amesema mtoto asirudi mpaka apone, na mama amekwisha kusikia majirani wakinong'ona neno "uchawi". Wanapofika mbele yetu wanasema karibu wote sawasawa: "Pasta, huyu mtoto anasumbua kila saa."

Tunataka kusimama kwanza juu ya maneno hayo mawili, "kila saa". Mara nyingi si kweli, na iko njia nyepesi ya kuyapima.

Katika Marko 9 baba mmoja anamleta mwanawe aliyekuwa akianguka na kutoka povu. Kabla ya kumponya, Yesu anamuuliza baba hali hiyo ilianza lini. Baba anajibu ya kuwa ni tangu utoto, kisha anaeleza jinsi mtoto anavyotupwa mara kwa mara motoni na majini. Tumehubiri sana juu ya imani ya baba huyo, lakini ni mara chache tumehubiri juu ya lile swali. Bwana mwenye uwezo wote alitaka kusikia habari ya mtoto kwanza.

Walimu wa watoto wenye ulemavu wa akili au usonji wana ufundi wa kuuliza swali hilo kwa maandishi. Mwaka 1968, huko Marekani, Sidney Bijou na wenzake walieleza namna ya kuandika tukio katika safu tatu: kilichotangulia, alichofanya mtoto, na kilichofuata. Kaye moja na biki vinatosha. Hakuna haja ya kungoja shirika lilete mradi.

Kazi inaanza kwa kuchagua tabia moja na kuieleza waziwazi. "Ni mkaidi" haihesabiki, wala "ana roho mbaya" (sisi wachungaji tunalipenda sana neno hilo). Lakini "anampiga mwenzake kwa mkono au kwa kitu" inahesabika, maana walimu wawili wakiangalia pamoja watapata idadi moja. Katika safu ya kwanza mwalimu anaandika saa, somo, nani alikuwa karibu, na mtoto alikuwa ameambiwa nini. Katika safu ya pili anaandika kitendo chenyewe. Katika ya tatu anaandika watu walifanya nini: walicheka, walimchapa, walimtoa nje, walimpa kazi nyepesi.

Safu hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa, nayo mara nyingi ndiyo inayoficha siri. Mtoto asiyeweza kusoma, akitolewa nje kila anapompiga mwenzake saa ya kusoma, amepata alichotafuta. Sisi tunasema tumemwadhibu, kumbe tumemlipa.

Walimu watatuambia: darasa lina watoto hamsini na zaidi, nani ataandika? Ni kweli. Basi mwalimu aweke mbegu za maharagwe katika mfuko wa kushoto. Kila mara tabia ile inapotokea, ahamishe mbegu moja kwenye mfuko wa kulia. Kengele ikilia ahesabu na kuandika. Maharagwe hayakosekani kwetu. Habari kamili ya safu tatu aiandike kwa matukio mawili au matatu ya siku, hiyo inatosha.

Kiisha kuna mchoro. Kwenye ukurasa wa miraba tunachora mstari wa kulala kwa siku na mstari wa kusimama kwa idadi, tunaweka nukta ya kila siku na kuziunganisha. Siku tano za kwanza za shule hatubadilishi kitu, kusudi tujue tulianzia wapi. Tunapobadilisha jambo, tunachora mstari wa kusimama kwenye siku hiyo. Ukurasa wa pili una saa kwa upande na siku kwa juu, na tunatia wino mraba wa saa ile ambapo tabia ilitokea. Paul Touchette na wenzake waliuonyesha mchoro huu mwaka 1985, na uzuri wake ni kwamba mtu anaona kwa macho saa ngumu na saa tulivu.

Tuweke mfano. Mtoto wa mwaka wa tatu wa msingi anasoma Butembo baada ya familia yake kukimbia kutoka upande wa Oicha. Siku tano za kwanza anapiga wenzake mara 6, 5, 7, 1, 6. Miraba yenye wino yote iko asubuhi, kabla ya mapumziko, na baadaye hakuna hata mmoja. "Kila saa" imekwisha kuanguka. Safu ya kwanza inaonyesha ya kuwa mara nyingi mlango wa chuma ulikuwa umebamizwa na watoto waliokuja wakiwa wamechelewa. Na siku ile ya 1? Darasa lilisomea nje, chini ya mti. Katika eneo ambalo watu wameuawa na kukimbizwa tangu mwaka 2014, mtoto anayeruka kwa mlio wa chuma si fumbo kubwa.

Mwalimu anafunga kitambaa kwenye mlango, anamkalisha mtoto mbali nao, anamfundisha kuinua kikaratasi anapohitaji kutoka dakika mbili, na haachi tena kupiga kumpatie ruhusa ya kutoka. Siku ya kwanza idadi inaweza kupanda hadi 8. Wengi huacha hapo na kusema imeshindikana. Mtoto anajaribu kwa nguvu zaidi njia ile iliyomfaa zamani, ndiyo sababu tunangoja juma la pili na la tatu kabla ya kuhukumu.

Kaye inaweza pia kusema: peleka hospitali. Ikiwa hakuna kinachotangulia, mtoto anakodoa macho, haitiki, kisha analala, inaweza kuwa kifafa, na kifafa kina dawa. Jino, sikio na njaa navyo huonekana kama ukaidi.

Maombi yaendelee. Lakini neno "mchawi" likitamkwa juu ya mtoto, wazee wa kanisa wajue ya kuwa Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza, na sheria ya 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto, kifungu cha 160, inamwadhibu anayemshitaki mtoto hivyo. Sheria ya 3 Mei 2022 nayo inalinda haki za watu wenye ulemavu. Tunapoitwa na wazazi, na tuombe kuona kaye kwanza. Kama haipo, tukae na mwalimu tuianzishe.

Kaye hiyo isisomwe ibadani wala isibandikwe ukutani. Ibaki kwa mkubwa wa shule, mzazi aione kila Ijumaa. Mzazi awe na nakala pia, aiweke pamoja na karata ya chanjo, kusudi vita vikimhamisha tena mwalimu mpya asianze upya.