Dhamana ya unga ni mtu

Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kwamba imekamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa. Hadi wakati huo hapakuwa pamewahi kukamatwa shehena kubwa kiasi hicho ya dawa za aina hiyo nchini. Sehemu ya mzigo ilikuwa kwenye vifungashio vya kahawa na majani ya chai. Sisi wa Morogoro habari hiyo ilitugusa kwa namna yake, maana njia ya kawaida ya gari kutoka Dar kwenda Iringa hupita Msamvu, pale barabara inapogawanyika, moja ikienda Dodoma na nyingine ikikata Mikumi kuelekea Nyanda za Juu Kusini.

Hapa kwetu ukitaja dawa za kulevya, wengi hufikiria bangi: shamba lililofichwa kwenye miteremko ya Uluguru, magunia, kikosi kinachopanda mlima kufyeka na kuchoma moto. Unga, yaani heroini, ni biashara nyingine kabisa. Asiyeelewa jinsi unga unavyolipiwa hawezi kuelewa kwa nini watu wanaouuza huwa pia watekaji.

Heroini nyingi inayofika Afrika Mashariki hutoka Afghanistan, ikashushwa hadi pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan, kisha ikapakiwa majahazini. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, iliukuta mzigo wa zaidi ya tani moja ndani ya jahazi moja tu, nje ya pwani ya Kenya. Mali ya wingi huo si rahisi kununuliwa taslimu. Mwenye mzigo humkopesha mnunuzi wa Dar, Zanzibar au Mombasa, naye hulipa baada ya kuuza. Lakini mkopo huu hauna hati, hauna wakili, na aliyedhulumiwa hawezi kwenda kufungua kesi mahakamani Kisutu. Ndipo muuzaji anapodai dhamana ya aina yake: aletewe mtu, abaki naye hadi deni liishe. Kijana wa watu anasafirishwa mpaka Pakistan na kuwekwa rehani.

Kwa kawaida hachaguliwi mtoto wa kigogo. Anatafutwa asiye na kazi, mwenye hamu ya kusafiri, ambaye kwao hawana jina wala fedha za kuwasumbua wakubwa. Wapo wanaojua wanakokwenda na kuahidiwa malipo. Wapo wanaoambiwa ni safari ya biashara. Mzigo ukiuzwa na fedha zikifika, kijana huachiwa. Ukikamatwa baharini, au kigogo akiamua kuzila zile fedha, aliyerehaniwa ndiye anayebaki na deni. Familia za Kitanzania zimewahi kupokea simu na video za ndugu yao akiteswa, zikitakiwa kulipia mali ambayo hazijapata kuiona. Hakuna aliyevunja mlango usiku kumteka kijana huyo. Alipanda ndege mwenyewe, na pasipoti yake mfukoni.

Kuhusu maisha ya vigogo wenyewe katika ukanda wetu, upo ushahidi uliofika mahakamani kuhusu ukoo wa Akasha wa Mombasa. Baba, Ibrahim Akasha, aliuawa kwa risasi Amsterdam Mei 2000, akiwa anatembea na mkewe, na mauaji hayo yalihusishwa na ugomvi wa biashara ya dawa. Wanawe Baktash na Ibrahim waliiendeleza biashara. Walikamatwa Mombasa Novemba 2014, baada ya kunaswa katika mtego wa watu waliojifanya wawakilishi wa wanunuzi kutoka Colombia, kumbe walikuwa wakifanya kazi na maafisa wa Marekani. Mtego huo ulihusisha kilo 99 za heroini na kilo 2 za methamfetamini. Wakapelekwa New York Januari 2017, wakakiri makosa Oktoba 2018. Baktash alihukumiwa miaka 25 mwaka 2019. Ibrahim miaka 23, Januari 2020.

Kwangu mimi uzito wa kesi ile haumo katika zile kilo. Pamoja na dawa, ndugu hao walikiri makosa ya silaha, na kuzuia haki kwa kuwahonga maafisa wa Kenya ili wasipelekwe Marekani. Hivyo ndivyo kigogo anavyodumu: bunduki kwa mdaiwa, bahasha kwa ofisa, na mtu mwingine wa kubeba hatari yote.

Tanzania nayo ina jina lake. Machi 2016 serikali ya Marekani ilimweka Ali Khatib Haji Hassan, maarufu Shkuba, kwenye orodha yake ya vigogo wa dawa za kulevya duniani, na mwaka uliofuata akapelekwa huko kujibu mashtaka. Miaka mitatu kabla ya orodha hiyo, wafungwa wa Kitanzania walioko Hong Kong walikuwa wameshaanza kuandika barua, kwa msaada wa padri John Wotherspoon, wakieleza jinsi walivyotumwa kubeba dawa na kuwaonya vijana wa nyumbani. Walisema haya wakati wakubwa wengi wakiona ni salama zaidi kunyamaza, na naamini tunawadai shukrani.

Sheria yetu ya 2015, ilivyorekebishwa 2017, inampa kifungo cha maisha anayesafirisha heroini kuzidi gramu 200. Ni sheria ya mizani: inapima mzigo. Kijana aliyefungiwa kwenye nyumba ya mtu Karachi hana gramu hata moja mkononi, na mama yake hapa Msamvu au Kihonda anaogopa kwenda polisi kwa sababu kueleza mwanawe yuko wapi ni kama kumshtaki. Mama huyo anajua nani alilipa nauli, nani alishughulikia pasipoti, simu ya kwanza ilitoka namba gani. Apokelewe kama shahidi, ahakikishiwe hivyo kabla hajaketi, na maelezo yake yaandikwe kama ya ndugu wa mtu aliyetekwa.