Mbona ujumbe wa trace hautoki?

Karibu kila anayejifunza Haskell huuliza swali lile lile: trace imewekwa, programu imekwenda hadi mwisho, mbona ujumbe haukutoka? Swali lenyewe limekosewa. Linachukulia kwamba mistari hutekelezwa kwa zamu, wa juu kwanza. Haskell hukokotoa thamani pale tu inapohitajika, na trace, yenye aina String -> a -> a, hutoa ujumbe wakati thamani iliyofungwa nayo inapodaiwa. Isipodaiwa, ni kimya.

Chukua length [trace "moja" 1, trace "mbili" 2]. Jibu ni 2 na hakuna ujumbe hata mmoja, maana length huhesabu vipengele bila kuvifungua. Ikiwekwa sum badala yake, jumbe zote mbili hutoka. Hakuna kilichoharibika: ukimya huo ni taarifa kamili kwamba thamani haikuguswa.

Badala ya kuisoma taarifa hiyo, wengi hukimbilia dawa ya mitaani: geuza funkisheni ziwe za IO, putStrLn itumike popote. Ushauri huu ni mbovu na haustahili kurudiwa. Int -> Int ikishakuwa Int -> IO Int, kila funkisheni inayoiita nayo hugeuzwa, na inayoiita hiyo, mpaka main. Baya zaidi, tabia ya programu hubadilika. take 3 (map f [1..]) hurudisha vipengele vitatu na kumaliza. Ile map ikigeuzwa mapM ndani ya IO, orodha nzima hutakiwa kwanza, na orodha hiyo haina mwisho. Programu haitarudi kamwe. Aliyekuwa akisaka hitilafu moja sasa anayo nyingine, aliyoileta mwenyewe, na ile ya kwanza bado haijulikani ilipo.

Zana zilizopo zinatosha. traceShowId huonyesha thamani na kuirudisha. traceM hukaa ndani ya do. traceShow isielekezwe kwenye orodha isiyo na mwisho. Jumbe huenda stderr, kwa hiyo zisitafutwe kwenye faili la stdout. Idadi na mpangilio wake vinaweza kubadilika kompaila ikiboresha msimbo, basi uchunguzi ufanywe kwa -O0. Anayetaka kufuata ukokotoaji hatua kwa hatua atumie :break na :step za GHCi. Mwishoni Debug.Trace, moduli inakotoka trace, iondolewe kwa mkono: kompaila ya lugha ya Elm 0.19 hugoma kukompaili kwa --optimize ikikuta Debug.log, lakini GHC haigomi.