Je, Wajua? Kamera Ndogo ya Mfukoni Ina Neema Zake

Je, wajua kwamba kihisi cha mwanga ndani ya kamera nyingi ndogo za dijitali kina upana wa takriban milimita 6 tu? Kile cha kamera kubwa za kitaalamu, zinazofuata kipimo cha filamu ya zamani, ni milimita 36 kwa 24, eneo lililo kubwa zaidi ya mara 30. Ndiyo maana picha za kamera ndogo zilizopigwa usiku hujaa chengachenga.

Hata hivyo, kihisi kidogo hutumia lenzi fupi, na lenzi fupi huonyesha vizuri vitu vya karibu na vya mbali kwa pamoja. Kamera kadhaa za Canon PowerShot mfululizo wa G hukubali kusogezwa hadi sentimita 1 kutoka kwenye kitu. Ijaribu kwa siafu! Kamera kubwa ingedai lenzi maalumu, na bei yake haichekeshi.

Wapo pia wakaidi waliokataa mipaka ya kiwanda. Watu wa kujitolea walitunga CHDK, programu ya bure inayowekwa kwenye kadi ya kumbukumbu, ikaziwezesha Canon ndogo nyingi kuhifadhi picha ghafi au kupiga picha zenyewe kila baada ya muda fulani. Ukiiwasha kamera bila programu hiyo, inarudi ilivyokuwa.

Na anayelalamikia uchache wa pikseli? Kamera ya dijitali aliyoiunda Steven Sasson wa Kodak mwaka 1975 ilikuwa na pikseli 10,000, uzito wa kilo 3.6, na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti.