Ziwa Natron na Umuhimu wa Mita 60 Kando ya Mito

Viumbe wa majini huishi kwa mizani. Kemia ya maji ikibadilika, hufa hata kama maji yenyewe yanaonekana kuwa yale yale. Baharini, hewa ya ukaa inayotokana na uchomaji wa mafuta na makaa ya mawe huyeyuka katika maji na kuyaongezea tindikali, hivyo matumbawe hushindwa kujenga vema mifupa yao ya chokaa. Katika pwani ya Tanzania, uvuvi wa baruti umezidisha madhara hayo.

Wilaya yetu haina bahari, lakini ina Ziwa Natron, lenye mizani kama hiyo. Ziwa hili lina kina kifupi na halina mto unaotoka. Maji yake huondoka kwa mvuke na kuacha magadi makali. Humo huota mwani mdogo sana, ambao ni chakula cha heroe wadogo, yaani flamingo. Takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa hapo. Viota vyao hujengwa katikati ya ziwa, ambako magadi huwazuia fisi na mbweha. Tangu mwaka 2001, ziwa hilo limo katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu chini ya Mkataba wa Ramsar.

Usalama huo hutegemea mito inayoingia ziwani, ukiwemo Ewaso Ng'iro unaotoka Kenya. Maji ya mito yakichepushwa kupita kiasi, ziwa hukauka na wanyama wakali huvifikia viota. Misitu ikifyekwa, mafuriko huleta tope, huzimua magadi na kufunika viota. Heroe wakihama, watalii nao hupungua, na kipato cha wananchi wa Engaresero hupotea.

Wakazi wa Soitsambu wako mbali na ziwa, lakini kanuni ni ileile kwa kila kijito kinachonywesha mifugo yetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa.

Wananchi wanaombwa kutolima wala kukata miti katika eneo hilo, na kutoa taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata wanapoona uharibifu. Mto ukishakauka, kuurudisha ni kazi ya miaka mingi.