Nani Hukata Mipaka ya Jimbo?

Tukisema jimbo leo hatusemi jimbo la Askofu. Twasema jimbo la uchaguzi, yaani sehemu ya nchi inayopeleka Mbunge mmoja Bungeni. Watu wengi huijua siku ya kupiga kura, lakini husahau kazi inayotangulia, ile ya kukata mipaka ya majimbo. Mipaka ikikatwa vibaya, kura yako hupungua nguvu hata kabla hujaipiga.

Tutazame mfano wa Kenya. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009, jimbo la Embakasi, mjini Nairobi, lilikuwa na watu zaidi ya 900,000. Jimbo la Lamu Mashariki lilikuwa na watu wasiofika 20,000. Kila moja lilikuwa na Mbunge mmoja tu. Ni kama akina mama wawili waliopewa sufuria moja moja ya uji. Mmoja ana watoto wawili, mwenzake ana tisini. Sufuria ni sawa, lakini shibe si sawa.

HESABU YENYEWE

Katiba ya mwaka 2010 iliweka majimbo 290, badala ya 210 ya zamani. Kazi ya kukata mipaka ilipewa Tume ya Uchaguzi, si Wabunge. Maana penye ugomvi wa shamba, mwenye ugomvi hashiki kamba ya kupimia. Tume huchukua idadi ya watu wote na kuigawa kwa 290. Mwaka 2009 watu walikuwa 38,610,097. Basi kila jimbo lilipaswa kuwa na watu 133,138 hivi.

Lakini nchi ina milima, mito, na nyika zenye watu wachache. Kwa hiyo Katiba yaruhusu idadi hiyo izidi au ipungue kwa 40 katika mia katika miji mikubwa na mahali penye watu wachache, na kwa 30 katika mia mahali pengine. Tena Tume sharti iangalie njia za mawasiliano, na mambo yanayowaunganisha watu: historia yao, uchumi wao na mila zao.

Mwaka 2012 kazi ikafanyika. Embakasi ikakatwa majimbo matano. Lamu Mashariki ikabaki, kwa kuwa Katiba ilikataza kufuta jimbo lolote katika zamu ile ya kwanza. Kinga hiyo haipo katika zamu zinazofuata. Ndiyo sababu watu wa majimbo madogo wana hofu ya kuunganishwa na jirani, na watu wa majimbo makubwa wanalalamika kwamba wanacheleweshwa.

Na kweli kazi imechelewa. Katiba yataka mipaka ipitiwe tena baada ya miaka 8, isizidi 12. Miaka 12 ilitimia Machi 2024 pasipo kazi kufanyika. Tume haikuwa na makamishna toka mwanzo wa 2023 hadi Julai 2025. Wakati huo watu wamezidi kuongezeka: hesabu ya mwaka 2019 ilipata watu 47,564,296.

WEWE UFANYE NINI?

Kwanza, siku ya kuhesabiwa, hesabiwa pamoja na watu wote wa nyumbani mwako. Mtoto mchanga pia ni mtu mmoja katika hesabu ya jimbo.

Pili, Tume sharti isikilize maoni ya watu. Ikiita mkutano, nenda. Mto usiovukika wakati wa masika wewe waujua; aliye na ramani mezani huenda haujui.

Tatu, usiporidhika, sheria imekupa njia. Mtu aweza kwenda Mahakama Kuu katika siku 30 tangu mipaka itangazwe, nayo Mahakama sharti iamue katika miezi mitatu. Mwaka 2012 wengi walikwenda, na mambo kadhaa yakasahihishwa.

Basi, msomaji, usingoje siku ya kura ndipo uulize mpaka wako uko wapi. Uliza sasa, ungali na nafasi ya kusikilizwa.